Nimeandika matumizi ya jikoni siku 30 hapa Mtwara: mboga si ghali, mkaa na mafuta ndivyo vinavyotumaliza

Mama Watatu (Mtwara mjini)

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, nimeuandaa mwezi mzima.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Chikongola. Mume wangu ni dereva wa lori. Mwezi wa saba alipimwa presha ikakutwa imepanda, akaambiwa apunguze chumvi na mafuta, ale mboga za majani, matunda, samaki na jamii ya kunde. Alirudi nyumbani amenywea. Akakaa mkekani akasema, "Mama, chakula walichonielekeza ni cha watu wenye uwezo." Neno hilo lilinikaa rohoni. Kesho yake nikanunua kaunta buku, nikaanza kuandika kila shilingi inayoingia jikoni. Siku 30 sikuruka hata kiberiti.

Nilikuwa na uhakika kwamba samaki na mboga ndivyo vinavyokula hela. Nilipojumlisha, wa kwanza ni mkaa. Wa pili mafuta ya kupikia. Wa tatu mchele, wa nne maandazi ya asubuhi na chipsi za watoto jioni. Mboga za majani, nyanya, vitunguu na ndimu, vyote kwa pamoja, havikufika hela ya mkaa peke yake. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Sababu niliiona humo humo kwenye daftari. Mkaa nilinunua kwa kopo, la shilingi 1,000 asubuhi na lingine jioni. Mafuta ya kupima, ya 500 kila mlo, mchana na jioni. Ukiyatazama kwa siku hayaumi. Yakikaa pamoja kwenye ukurasa mmoja yanafika shilingi 90,000, na hapo sijagusa chakula chenyewe.

Basi nikaanza kubadilisha upishi kwa kuuliza swali moja: hiki chakula kinataka moto wa muda gani na mafuta kiasi gani?

Nianze na mbaazi, maana ndizo zilizoniokoa. Zamani nilizibandika kavu, natia magadi, zinachemka saa mbili na zaidi, kopo zima la mkaa linaishia hapo. Sasa usiku kabla ya kulala nazichambua, naziosha, naziloweka. Asubuhi namwaga yale maji, natia mapya, nabandika bila magadi. Zikishachemka vizuri dakika 20 naepua na kifuniko chake, naingiza sufuria kwenye kapu.

Kapu lenyewe ni la ukili, la kawaida la sokoni. Chini na pembeni nimepanga makumbi ya nazi makavu niliyoyaponda yakawa nyuzi, juu yake nimetandika blanketi kuukuu la mtoto. Sufuria inakaa katikati imebanwa kila upande, juu nafunika kwa mto. Nakwenda zangu sokoni. Nikirudi baada ya saa tatu nafungua, mvuke unanipiga usoni, nachukua mbaazi moja naiminya kwa vidole viwili, inapasuka laini. Moto uliozipika ni ule wa dakika 20 tu.

Halafu nazi. Moja inatosha sufuria ya watu watano. Naikuna kwenye mbuzi, nakamua tui la kwanza naliweka pembeni. Tui la pili na la tatu ndiyo maji ya kuungia: kitunguu, nyanya, bizari kidogo, pilipili nzima isiyopasuliwa. Vikiiva natia mbaazi, zinakolea. Mwisho kabisa namimina tui zito, nakoroga polepole bila kuacha lisikatike, likichemka tu naepua. Mafuta ya chupa hayaingii hata kijiko.

Hizo tunakula asubuhi na muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu, zinazobaki zinakuwa mboga ya mchana kwa ugali wa dona. Maandazi nimebakiza ya Jumapili.

Kuna jambo limenisumbua wakati naandika haya. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei ya huku ilianguka. Mjomba wangu Masasi alikaa na magunia ndani, mnunuzi hakuna. Tulilia hela, na ilikuwa haki yetu kulia, jasho la mwaka mzima lile. Lakini mwaka huo huo nilikwenda kumtembelea, nikakuta watoto wanakula ugali na mchuzi wa nyanya, na magunia ya mbaazi yamepangwa hadi darini. Tumezoea kuiona mbaazi kama hela inayosubiri mnunuzi. Hatuioni kama chakula mpaka tuambiwe na daktari.

Naomba na nyinyi mtoe mnayoyajua. Hasa samaki, maana hapo daftari langu linapanda na kushuka na sielewi kwa nini.

Mchuuzi wa Feri

Dada, hongera kwa daftari. Kwenye samaki nitakujibu mimi, nipo ufukweni tangu nikiwa mdogo.

Bei ya samaki inafuata mwezi ulioko angani. Dagaa na vibua huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawaikusanyikii taa, mitumbwi mingi inapumzika, kinachopatikana kinapanda bei. Kwa hiyo ukitaka dagaa na vibua vya bei ndogo, njoo siku za giza, alfajiri, boti zinaporudi. Pweza ni habari nyingine. Huyo mfuate maji ya bamvua, yaani bahari inapokupwa sana, mwamba unapokauka na watu wanatembea juu yake kwa miguu. Bamvua zipo mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, usimtafute, utauziwa wa barafu kwa bei ya juu.

Na pepo. Kusi ikivuma, hasa kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku. Kaskazi ndiyo neema. Nadhani daftari lako la mwezi wa saba limeangukia kusi.

Sasa kitu ninachotaka kila mama akijue. Vibua na jodari, na wote wa jamii ile, wakikaa juani wanatengeneza sumu isiyoondoka kwa kupika. Utakaanga mpaka wawe mkaa, bado mlaji atawashwa ngozi, uso utakuwa mwekundu, kichwa kitamgonga. Nimeona familia nzima ikipelekwa hospitali na wote wakidhani wamerogwa. Bei ya saa nane mchana kwenye beseni lisilo na barafu si bei nafuu. Angalia jicho liwe angavu na limejaa, fungua matamvua yawe mekundu, bonyeza mnofu urudi. Mnofu ukibaki na shimo la kidole, ondoka hata kama ni bure.

Mama Watatu

Kaka, asante sana. Nimechukua kalenda sasa hivi nimelinganisha na daftari. Siku nilizonunua vibua kwa bei ya juu zote ni za mbalamwezi. Nimeishi Mtwara miaka yote hii nikidhani ni ubishi wa wachuuzi, naomba radhi.

Pweza unampikaje wewe? Mimi namchemsha kwa maji mengi na chumvi.

Mchuuzi wa Feri

Usitie maji wala chumvi, dada. Msafishe, mweke kwenye sufuria tupu, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu, na chumvi ya bahari anayo tayari mwilini. Aive ndani ya maji hayo mpaka yakaribie kukauka. Ndipo umkatekate, umuunge kwa nazi au umkamulie ndimu. Kwa mzee wetu mwenye presha hiyo ndiyo njia.

Newala Juu

Mnaongea vizuri nyinyi wa pwani. Huku juu ya uwanda wetu samaki mbichi tunamwona kwa bahati, na maji yenyewe kwa wengi ni ya kununua kwa ndoo. Kiangazi mchicha unafika kutoka mbali, umenyauka, na bei yake si ya fungu la Chikongola. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au Mei. Mtu wa huku akisoma uzi huu atasema haumhusu.

Mama Watatu

Umesema kweli, nimeandika kwa jicho la mjini. Tuambie huko mnafanyaje, nina ndugu zangu Kitangari nitawapelekea.

Newala Juu

Mama yangu alikuwa anakausha. Mwezi wa tatu na wa nne majani ya kunde, kisamvu na majani ya maboga yamejaa kila mahali, hakuna anayeyanunua. Anayachuma asubuhi, anayachemsha kidogo, anayakamua na kuyatandaza kwenye ungo, lakini kivulini, chini ya ukumbi penye upepo. Watu wengi wanaanika juani wapate haraka, na jua linaunguza sehemu kubwa ya vitamini A. Yakikauka mpaka yanavunjika, anayaweka kwenye mtungi uliofunikwa vizuri. Mwezi wa tisa anachukua konzi mbili, analoweka, anapika na karanga au ufuta uliosagwa. Sisi tumekua kwa hayo.

Mimi nimeongeza bustani ya magunia mlangoni. Magunia manne, matembele na mchicha, na maji ni yale ya kuoshea mchele na mboga. Tone la sabuni halimo. Hayanitoshi kuuza, ila nyumba haikosi mboga.

Na kuna ming'oko, vile viazi vya porini. Ninyi wa mjini mnaila kama kitafunwa cha stendi, huku ni chakula. Inachimbwa porini, inachemshwa na maganda yake, unamenya ukila. Haijapandwa wala haikutiwa dawa na mtu. Nasikitika vijana wanaiona ya kimaskini.

Nesi Mstaafu (Masasi)

Wanangu, nimesoma nikafurahi. Nimefanya kazi ya kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, naomba niongeze na pia nirekebishe.

La chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chumvi yote, pamoja na iliyomo kwenye mkate, viungo vya pakiti na samaki wa chumvi. Mama Watatu, mpo watano. Gramu 25 kwa siku kwa nyumba nzima, na watoto wanatakiwa chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Fungua daftari lako uniambie inakaa siku ngapi.

La nazi. Nazi ni chakula chetu na siikatazi, ila ina mafuta yale mazito yanayoganda, kwa mgonjwa wa presha si ya kumwaga. Nazi moja sufuria nzima kama ulivyosema ni sawa, mradi usiongeze mafuta mengine juu yake, wala isiwe kila mlo. Siku nyingine pika kwa ufuta au karanga.

La magadi umefanya vema kuacha. Yanalainisha mbaazi lakini yanaharibu vitamini B1, na magadi yenyewe ni sodiamu, ndugu wa chumvi.

La ndimu watu wanaliona ni la ladha tu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi na mboga za majani mwili unayapata kwa shida, na vitamini C inasaidia yaingie. Kamulia ndimu mezani, chakula kikishapoa kidogo. Chai ya rangi usiwape watoto pamoja na mlo, inazuia chuma hicho. Nimewapima damu wajawazito wengi waliokuwa na mboga nyingi shambani na damu haba mwilini. Chai ilikuwa inawashinda.

Sasa la muhogo, hapa nawaomba msome taratibu. Mtu akitafuta unafuu anakimbilia unga wa muhogo, na ni sawa. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukimenywa, ukalowekwa siku za kutosha na kukaushwa, sumu inapungua sana. Mwaka wa njaa watu wanafupisha njia, na hapo ndipo maafa. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, unapooza miguu yote miwili kwa ghafla na hauponi. Umewahi kutokea hapa kusini, Mtwara ikiwemo, na wanaopigwa zaidi ni watoto na akina mama wa umri wa kuzaa.

Ipo njia rahisi ya kuusafisha unga, ilibuniwa na mtafiti Howard Bradbury wa Australia na imefundishwa vijijini kwetu. Tia unga kwenye beseni, weka alama ulipofika. Mimina maji huku ukichanganya. Unga utashuka kwanza, endelea kutia mpaka urudi kwenye alama ile ile. Kisha tandaza kwenye ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita 1. Acha saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inatoka kama hewa. Pika ugali siku hiyo hiyo, usiulaze.

Na tazameni jinsi mambo yanavyoshikana. Mwili wenyewe unaweza kuivunja sianidi kidogo, lakini unahitaji protini kuifanya kazi hiyo. Aliyekula ugali wa muhogo na mbaazi au dagaa ana kinga ambayo aliyekula ugali na mchuzi mtupu hana. Kwa hiyo wale watoto wa mjomba wako Masasi, mwanangu, magunia yale yalikuwa ni dawa iliyolala ndani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Wengi wao hawakulala njaa. Walishiba kitu kimoja kila siku.

Mama Watatu

Shikamoo mama. Nimefungua daftari mikono inatetemeka. Pakiti ya nusu kilo nimenunua tarehe 2, tarehe 11, tarehe 19 na tarehe 27. Siku nane, tisa. Na hapo sijahesabu viungo vya pakiti ninavyotia kwenye kila mchuzi, wala ng'onda, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi.

Mume wangu nimemsomea. Amenyamaza kidogo, kisha akachukua kikopo cha chumvi mezani akakipeleka jikoni. Kuanzia leo hakikai mezani.

Nesi Mstaafu (Masasi)

Marahaba mwanangu. Usikate yote kwa siku moja, watoto watasusa. Punguza robo kila wiki, ulimi unazoea. Ng'onda na papa wa chumvi uwaloweke usiku kucha, umwage maji mara mbili, na siku hiyo sufuria isitiwe chumvi nyingine. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vitakusaidia. Na dawa za presha alizopewa asiziache kwa sababu ameanza kula vizuri. Arudi kupimwa.

Baba Lindi

Wadau, nina hoja na msinichukulie vibaya. Mke wangu anatoka kazini saa kumi na mbili jioni, mimi nafunga duka saa mbili usiku. Haya ya kukuna nazi na kupanga makapu ni ya mwenye nafasi ya kukaa nyumbani. Sisi tunanunua chipsi mayai si kwa kupenda, ni uchovu. Halafu hili la mkaa linaniuma: gesi inatoka hapa hapa Mnazi Bay na Songo Songo, bomba limepita linakwenda Dar es Salaam, sisi tunahesabu makopo ya mkaa. Kwa nini mtungi usiwe nafuu kwetu?

Mama Watatu

Kaka, sijakuchukulia vibaya hata kidogo. Uchovu nao ni gharama, na kwenye daftari langu sikuuandika.

Kapu lakini lilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Mkibandika asubuhi wakati mnaoga na kujiandaa, dakika 20, mkaweka kapuni, mkeo akirudi jioni mbaazi zimeiva, kilichobaki ni kuunga. Ila chemsheni tena mpaka zitokote kabla ya kula, maana zimekaa siku nzima. Na kama ni maharage mekundu, lazima yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 ndipo yaingie kapuni, yana sumu ambayo joto dogo haliiui. Nazi unaweza kukuna mbili Jumamosi ukagandisha tui kwenye friji kama mnayo. Na watoto wakubwa wakune! Wangu wa kiume ana miaka 11, anakaa kwenye mbuzi zaidi kuliko dada yake.

Kuhusu gesi, ile ya bombani ni gesi asilia, ya kwenye mtungi ni nyingine, inaletwa kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo kuwa karibu na kisima hakushushi bei ya mtungi. Kinachoweza kutusaidia ni mabomba ya gesi asilia kuingia majumbani. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mimi nautaka uanzie mtaani kwangu. Mpaka siku hiyo, kapu langu linafanya kazi na jiko lolote, hata la gesi.

Mjukuu wa Mikindani

Naomba niweke kisamvu cha bibi yangu, nimeona hakijatajwa na mimi ndicho kilichonilea.

Majani machanga ya juu tu, yale yanayokunjika bila kukatika. Yatwange kwenye kinu mpaka yawe laini kabisa. Kutwanga si kwa ajili ya ulaini peke yake, ndiko kunakofungua sumu itoke, kwa hiyo usikate kwa kisu ukaona yatosha. Chemsha sufuria ikiwa wazi, mvuke uende zake, nusu saa au zaidi. Maji yale mwaga, tia mengine kidogo. Tia nyanya chungu mbili tatu na kitunguu.

Badala ya nazi bibi alitwanga korosho. Si zile nyeupe nzima za kusafirisha nje, hizo bei yake haikamatiki. Anaomba vipande kwa akina mama wanaobangua, vilivyovunjika, ambavyo dukani havina thamani. Konzi moja, anatwanga mbichi bila kukaanga mpaka itoke kama uji mzito, anaukoroga ndani ya kisamvu dakika kumi za mwisho. Kinakuwa kijani cha kukoza, kizito, na utamu wake unabaki kinywani. Chumvi ni ya kubana kwa vidole.

Na msimu wa korosho, Oktoba kwenda Desemba, mabibo yanaoza chini ya mikorosho au yanaishia kwenye uraka, pombe ya mabibo. Tunda lile lina vitamini C kuliko chungwa, mara kadhaa. Ukali wake wa kukaba koo unatoka hivi: kamua juisi, tia maji mazito ya kuchemshia mchele yakiwa yamepoa, koroga, acha itulie. Ule ukali unajikusanya unazama chini kama tope. Chota ya juu, chuja kwa kitambaa, wape watoto na mlo. Bibi hakujua jina la vitamini yoyote lakini hakuwahi kununua juisi ya boksi.

Kijana wa Nachingwea

Wakubwa shikamooni. Mimi nakaa peke yangu, nimepanga chumba kimoja, nina jiko dogo la mkaa na sufuria mbili. Nikipika mbaazi zinachacha kabla sijamaliza. Nifanyeje? Nimechoka na chipsi, tumbo linaniwaka.

Mama Watatu

Marahaba mwanangu. Mbaazi kavu chukua kikombe kimoja cha chai tu, kinatosha milo miwili ya mtu mmoja. Usiunge zote. Zilizochemshwa tu zinakaa kuliko zilizoungwa kwa nazi, nazi ndiyo inayochacha haraka. Kwa hiyo jioni unga nusu. Nusu iliyobaki ichemshe tena usiku kabla ya kulala, funika, usiifungue mpaka asubuhi, uichemshe tena ule na muhogo au kiazi.

Siku nyingine dagaa wakavu: waoshe kwa maji ya moto, kamulia ndimu, nyanya mbili, kitunguu, bamia tatu, dakika 15 umemaliza. Dagaa unamla mzima na mifupa yake, ndiyo kalsiamu yako. Mbaazi zikiwa mbichi shambani, za kijani, nunua hizo. Hazihitaji kulowekwa, dakika 30 hivi zimeiva.

Kijana wa Nachingwea

Nimeloweka tangu jana, asubuhi nimechemsha nikaweka kwenye boksi la karatasi nikajaza nguo zangu za baridi pembeni, kapu sina. Nimetoka kazini saa tisa, zimeiva! Ila maji yamebaki mengi sana, zinaelea. Niyamwage?

Mama Watatu

Usiyamwage, hayo ndiyo supu. Ponda mbaazi kidogo kwa mgongo wa upawa ukutani mwa sufuria, mchuzi utashika. Kesho punguza maji, kwenye boksi hayakauki kama kwenye moto; yazidi mbaazi kwa kimo cha kidole kimoja tu.

Mchuuzi wa Feri

Dada Mama Watatu, Alhamisi mwezi unaandama. Bamvua. Njoo na beseni lako, saa nne asubuhi watu watakuwa wanatoka mwambani.

Mama Watatu

Nitakuja na mzee mwenyewe, hana safari wiki hii. Amesema anataka kujifunza kumpika bila maji.